Kivuli Kilicho Karibu: Namna ya Kutuliza Akili kwa Miti, Maji na Anga

Huenda unaijua hali hii. Unalala saa sita usiku baada ya kupiga hesabu za kodi na ada, saa kumi na moja alfajiri umeshasimama kituoni uwahi daladala kabla ya foleni, na siku nzima uko chini ya taa za ofisi au nyuma ya meza ya duka. Jioni mtoto anakusemesha, unamjibu kwa ukali unaokushangaza mwenyewe. Huna homa, hakuna kiungo kinachouma, ila hauko sawa. Ukiambiwa upumzike unajilaza na simu mkononi, na ukija kuinuka kichwa ni kizito kuliko ulipolala.

Mwongozo huu unakuomba saa mbili kwa wiki. Uzitumie nje, penye miti au maji au anga la wazi, karibu na unapoishi, bila kazi yoyote ya kufanya. Sizungumzii Serengeti wala Ngorongoro. Safari ya mbugani mara moja kwa mwaka ni jambo zuri kwa anayeweza kuilipia, lakini akili inayochoka kila siku inahitaji mahali ambapo unaweza kufika Jumatano jioni kwa miguu au kwa nauli ya kawaida, ukapazoea, ukarudi tena wiki ijayo.

Kinachochoka ni nini

Mwaka 1989 Rachel na Stephen Kaplan, mke na mume, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, walichapisha kitabu kinachoueleza uchovu huu vizuri kuliko maelezo mengine niliyosoma. Wanasema upo umakini tunaoulazimisha. Vuka barabara pale Mbagala Rangi Tatu saa moja asubuhi: bodaboda inatokea kushoto, bajaji inakata kulia, konda anaita, mkoba umeubana kwapani, na kichwani unapanga utakachomwambia bosi kuhusu kuchelewa. Yote hayo yanakutaka uchague cha kuangalia na uyasukume mengine pembeni. Kazi hiyo ya kuchagua na kusukuma inachosha, na ikizidi, mtu anakuwa mkali, anasahau funguo, anashindwa hata kuamua ale nini.

Upo umakini mwingine usiogharimu kitu. Majani yanatikisika, macho yanayafuata. Wimbi linakuja linavunjika, unalitazama bila kujiambia ulitazame. Wakati huo ule umakini wa kwanza unapata likizo. Simu haikupi likizo hiyo, kwa sababu kila unachokiona humo kinadai uamuzi: ujibu au usijibu, upitishe au usome, ucheke au ukasirike.

Wazo hili limepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho cha Michigan waliwatuma watu kutembea, wengine katika bustani ya miti, wengine katikati ya mji, kisha wakawapa majaribio ya kukumbuka tarakimu. Waliotoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi. Linalonipa moyo ni kwamba hata waliotembea kwenye baridi kali, wasiofurahia hata kidogo, walipata faida ileile. Maana yake ni kwamba huhitaji kuwa na hamu ndipo utoke. Mtu aliyechoka kweli hana hamu ya kitu chochote, na wengi hukaa ndani wakiisubiri.

Faida ya pili inahusu mawazo yanayozunguka. Ulisema neno kwenye kikao, au ndugu alikujibu vibaya, na sasa jambo lilelile linajirudia kichwani mara mia bila kufika popote. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha watu waliotembea dakika 90 kwenye eneo la nyasi na miti na wengine waliotembea muda huohuo kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwanza walirudi wakisema mawazo ya namna hiyo yamepungua, na picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu inayohusishwa na kuwaza huko imetulia. Wa barabarani hawakubadilika.

Je, muda gani unatosha? Uchunguzi wa mwaka 2019 wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama muda huo waliutumia kwa mkupuo au kwa vipande. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi chanzo, kwa kuwa mwenye afya ndiye anayetoka kwa urahisi. Lakini mwaka huohuo watafiti wa Michigan waliwapima watu wa mjini mate yao kabla na baada ya kukaa nje, wakaona homoni ya msongo, kotisoli, inashuka kwa kasi kubwa zaidi kati ya dakika 20 na 30. Ndipo hesabu yangu inapotoka: dakika 25 au 30, mara nne au tano kwa wiki. Ukikosa siku moja, Jumapili ikufidie.

Pahali pako

Chagua sehemu moja kwanza. Moja tu, na uirudie, kwa sababu mahali unapopazoea ndipo panapoacha kukudai. Siku ya kwanza unaangalia njia, watu, usalama, pa kukaa. Siku ya tano unajua jiwe lipi ni zuri na upepo unatoka wapi, na akili inalegea mapema.

Jiulize maswali machache. Naweza kufika ndani ya nusu saa? Kuna kivuli? Kuna watu wengine wa kawaida, wenye familia au wafanya mazoezi, saa nitakayokwenda? Naweza kukaa bila kufukuzwa? Ukijibu ndiyo kwa yote manne, pametosha, hata kama ni mwarobaini mmoja nyuma ya zahanati.

Kwa wa Dar es Salaam, eneo la Chuo Kikuu pale Mlimani lina miti mikubwa na barabara ambazo watu wengi huzitembea jioni. Bustani ya mimea karibu na Makumbusho ya Taifa ni ndogo, lakini kwa anayefanya kazi Posta ni mwendo wa mapumziko ya mchana. Wa Gongo la Mboto na Ukonga wana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, ambako ni vyema kwenda kwa kikundi na kupitia geti la hifadhi. Halafu kuna pantoni ya Kigamboni. Panda hata kama huna safari, simama upande wa bahari, tazama maji, rudi. Nauli ni ndogo, na kwa dakika chache hakuna ukuta mbele ya macho yako.

Pwani, jifunze maji. Bahari ya Coco Beach saa ya maji kujaa ni tofauti kabisa na ileile maji yakipwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar na Zanzibar hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa takriban dakika 50. Miamba inaachwa wazi, vidimbwi vinabaki na samaki wadogo, kaa wanatoka kwenye nyufa na kurudi kivuli chako kikiwafikia. Chuchumaa kando ya kidimbwi kimoja mpaka kaa akuzoee, yaani mpaka atoke tena. Vaa ndala, kuna miba ya shokombe na mawe makali, na usiyape maji mgongo yakianza kurudi.

Mombasa, wengi wanaijua Mama Ngina kwa upepo wake na mibuyu. Ningependa pia uende Bamburi, penye Haller Park. Mwaka 1971 pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyokwisha kutumika, mwamba mtupu, maji ya chumvichumvi, hakuna kijani. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akapanda miche ya aina nyingi. Iliyotamba ni mivinje. Lakini majani yake membamba yalianguka yasioze, udongo haukupatikana, mpaka alipoletewa jongoo wanaoyala. Jongoo wakayasaga, udongo ukaanza, miti mingine ikafuata. Leo unatembea kwenye kivuli. Mtu anayeona kila kitu chake kimekwama nampeleka pale kabla ya kumpeleka penye mandhari maarufu, na ninamwonyesha jongoo.

Nairobi wana msitu wa Karura, Arboretum iliyoanzishwa 1907, na msitu wa Ngong Road. Kuhusu Karura nitasema zaidi huko mbele.

Dakika ishirini za kwanza

Nenda asubuhi na mapema ukiweza. Mwanga wa asubuhi unaiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na usiku homoni ya usingizi, melatonini, inakuja kwa wakati wake. Kwa mwenye tatizo la kukosa usingizi, faida hii peke yake inatosha. Kama asubuhi haiwezekani, jioni baada ya saa kumi na moja. Mchana wa pwani uache, jua litakuchosha zaidi.

Simu izime sauti, iweke mfukoni au ndani ya mkoba, na usiitoe hata kupiga picha. Mwanamke anayekwenda peke yake abaki nayo kwa usalama, na amwachie mtu wa karibu ujumbe kwamba yuko wapi na atarudi saa ngapi.

Sasa kaa. Dakika kumi za mwanzo zitakuwa mbaya, na hili hawalisemi wengi. Ukinyamaza, madeni yote yanakuja, maneno ya wiki nzima yanakuja, unaanza kujiuliza kama huu si upotevu wa muda. Watu wengi huinuka hapo. Usiinuke. Usiyafukuze mawazo wala usiyajibu, yape macho kazi nyingine. Tafuta kitu kimoja kinachotikisika. Tafuta kingine kilicho miguuni pako. Kisha kingine cha mbali kabisa unachoweza kuona. Halafu fumba macho utafute sauti ya mbali zaidi, nyuma ya magari, nyuma ya muziki wa baa: jogoo wa mtaa wa pili, adhana, upepo kwenye minazi. Pumua, na pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Rudia.

Baada ya hapo huhitaji mbinu. Chagua kitu kimoja ukitazame mpaka kikushangaze. Kwa anayeishi pwani ninapendekeza mwembe wenye maji moto, wale sisimizi wekundu wanaokaa juu ya mti. Simama hatua mbili nyuma, wanauma vibaya. Tafuta kiota kinachojengwa: majani mabichi yaliyovutwa pamoja. Utawaona wamejipanga ukingoni mwa jani moja, taya zimeng'ata jani la pili, wote wanavuta. Penye nafasi kubwa wanashikana kiunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, wakawa mnyororo hai kutoka jani hadi jani, na mnyororo unafupishwa polepole mpaka kingo zikutane. Kisha wanatoka wengine wamebeba mabuu yao midomoni. Buu anapitishwa upande huu na ule wa mshono, na uzi mweupe wa hariri unatoka kwake, jani linashonwa. Kazi hiyo inachukua muda. Ukiifuata hadi mwisho utagundua umekaa bila kuwaza deni lako, na hukujitahidi.

Ndege pia. Pale palipojaa kunguru utadhani hakuna wengine, lakini kaa kimya utamsikia kurumbiza alfajiri, utamwona chozi akining'inia kwenye ua la mgomba, na mnana wakigombania kuti la mnazi. Jifunze majina yao kutoka kwa wazee. Mtu anayejua jina la ndege humwona mara nyingi zaidi.

Kutembea ni sawa na kukaa. Wengine miili yao haitulii, hao watembee polepole, mwendo wa kuweza kuzungumza. Mwili unapotembea unajisaidia kwa njia yake mwenyewe, na sioni sababu ya kubishana ni kiasi gani cha nafuu kinatoka kwenye miguu na kiasi gani kwenye miti. Ukitaka kukimbia, kimbia, vikundi vya jogging vimejaa Dar kila Jumamosi. Lakini kikundi chenye spika na nyimbo za kuhamasishana kinakupa mazoezi na urafiki. Utulivu ninaouzungumzia hapa uutafute siku nyingine.

Yanayozuia

Macho ya watu ni kikwazo kikubwa kuliko tunavyokiri. Mtu mzima amekaa chini ya mti peke yake, hana mzigo, hana simu, mara moja mtaa unauliza kama amefukuzwa kazi au amefiwa. Chukua mkeka na chupa ya chai. Anayekunywa chai haulizwi. Au nenda na mtoto. Mtoto anachezea udongo, wewe unatazama mti, na yeye anapata faida ambayo chumba chenye televisheni hakimpi.

Wengine wanaogopa mibuyu na misitu kwa sababu ya mashetani. Sitakucheka wala sitakubishia. Chagua mti mwingine, miti ipo mingi, na misitu ya kaya za Wamijikenda na mingine ya matambiko ina adabu zake ambazo mgeni anapaswa kuziheshimu.

Usalama ni jambo la kweli. Vibaka wapo, na wanawake wanasumbuliwa hata asubuhi. Nendeni wawili wawili, mchague sehemu yenye mlinzi au geti, ondokeni kabla ya giza. Pale ambapo mwanamke hawezi kukaa kwa amani nusu saa, tatizo ni la uwanja na wanaousimamia, na ni haki kuwadai.

Halafu kuna wewe wa kijijini, unayesoma haya na kujiuliza mwandishi anamwambia nani, maana wewe umezungukwa na miti tangu kuzaliwa na bado usiku hulali. Uko sahihi kabisa. Kushinda shambani na jembe huku unawaza mvua iliyochelewa na mkopo wa pembejeo si mapumziko, hata kama umezungukwa na kijani kila upande. Shamba linakudai kama ofisi inavyomdai mwenzako. Unachohitaji ni nusu saa ambayo ardhi haikudai: kando ya mto bila kuteka maji, chini ya mkuyu bila kukata kuni, ukiwa umeliacha jembe nyumbani. Ukienda na jembe utapalilia, najua.

Kama huwezi kutoka

Mama aliyejifungua juzi, mzee asiyeweza ngazi, mgonjwa wa kitandani, mlinzi wa zamu ya usiku: nyinyi pia mmo.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilazwa vyumba ambavyo dirisha liliangalia miti, nusu ukuta wa matofali. Walioiona miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Kwa hiyo mgeuzie mgonjwa kitanda. Ni msaada usiogharimu hata senti, na sijui kwa nini tunausahau: kitanda kinapangwa kufuata televisheni au soketi, na dirisha linabaki kisogoni. Kama nje ya dirisha hakuna mti, weka kopo la mmea kwenye kizingiti, mgonjwa aone jani jipya likifunguka.

Kwenye nyumba ya kupanga, uani, ndoo tatu zilizotobolewa chini zinatosha mchicha. Mbegu zinachomoza ndani ya siku chache, na wiki ya nne unavuna. Mwagilia asubuhi kabla ya kushika simu. Faida kubwa kwa akili ni kwamba kuna kiumbe kinachokutegemea kwa jambo dogo unaloliweza, na mabadiliko yake unayaona. Kwa mtu aliyekata tamaa, hilo lina uzito.

Mlinzi, wewe una anga. Kati ya Desemba na Januari, usiku ukiingia, kitafute Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikitumia kujua majira ya kulima. Umeme ukikatika, tazama juu kabla ya kulalamika.

Hapa panahitaji hospitali

Kila nilichosema hadi sasa kinamhusu aliyechoka, mwenye msongo, mwenye mawazo mengi. Sonona ni ugonjwa. Kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachii karibu kila siku, vitu ulivyovipenda havina ladha tena, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, unajiona huna thamani, nenda hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Muhimbili ipo, Mirembe ya Dodoma ipo, Mathari ya Nairobi ipo, na kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa kichaa, liwe lolote watakalosema mtaani. Ukiwa tayari uko kwenye dawa, usiziache kwa sababu umejisikia vizuri baada ya kutembea ufukweni. Na kama yanakuja mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo hii, usikae peke yako. Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea simu bure kwa namba 1199.

Unaweza kumtoa mwenzako huku akiendelea na matibabu. Usimhubirie kuhusu faida za miti. Mwambie, "Shoga, nisindikize mara moja dukani," au "Kaka, twende tukanyooshe miguu." Pitieni njia ndefu yenye kivuli. Watu wawili wanaotembea bega kwa bega hawatazamani usoni, na maneno magumu hutoka kwa urahisi zaidi hivyo. Akinyamaza njia nzima, nyamaza naye. Kesho mwombe akusindikize tena.

Zimbabwe wametufundisha jambo kuhusu hili. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mpango katika mtaa wa Mbare, Harare. Kliniki haikuwa na chumba cha kumpa, hivyo akaweka benchi nje. Waliokaa juu ya benchi hilo kusikiliza watu ni bibi wa mtaani waliopewa mafunzo. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yao yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA: baada ya miezi sita waliozungumza na bibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango umeshafika Zanzibar. Tiba pale ni mazungumzo yenye utaratibu, sitaipa sifa benchi peke yake. Lakini ninaamini kukaa nje, penye hewa, mbali na mlango wenye maandishi ya kliniki ya akili, kulimrahisishia mtu hatua ya kwanza.

Uwanja wenu ulindwe

Anayekimbia Karura leo anakimbia kwenye ardhi iliyokwisha kugawiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya msitu ule wa zaidi ya hekta 1,000 vilikuwa mikononi mwa wajenzi binafsi. Mwanaharakati wa mazingira Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche kwenye eneo lililofyekwa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na kundi la vijana, naye akapasuliwa kichwa. Hawakuacha. Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa ameshapinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, na halikujengwa. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, wengi walimfahamu kwa miti. Mimi namkumbuka pia kila ninapomwona mtu amelala chali kwenye nyasi za mji, viatu pembeni, anapumzika.

Kwenye mtaa wako huenda kuna kiwanja cha wazi ambacho watoto wanachezea na wazee wanapigia bao, na wiki moja mtashtukia kimezungushiwa mabati. Msisubiri mabati. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize kiwanja kile kimeandikwa kwa matumizi gani kwenye ramani ya mipango miji. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, uliza tena mbele ya watu, na uombe jibu liandikwe kwenye muhtasari. Kama kipo na hakina kivuli, masika yakianza pandeni mkungu, unakua haraka na matawi yake yanatanda. Uwekeeni uzio wa miiba mbuzi wasiufikie, na mpangane zamu ya kuumwagilia kiangazi chake cha kwanza.